Nyumba Niliyoiacha Nje ya Gunia

Mpendwa Mwalimu,

Amahoro. Ni mimi Bosi, yule dada wa sekretaria ya karibu na soko la Rumonge, uliyekuwa ukimletea mitihani ya watoto aipige fotokopi, kisha unakaa mpaka chai inapoa na wateja wanadhani duka ni lako. Pamoja na barua hii nimekutumia faili moja zito. Usilifungue kwanza. Nakujua, ukiona kitu kimefungwa mikono inakuwasha, lakini safari hii nivumilie usome mpaka mwisho. Kilichomo humo nilikificha mimi, na leo nakirudisha.

Nianze na matamu, maana machungu yatakuja yenyewe.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikuja na karatasi za darasa la tano, ukanisalimia kwa Kiswahili cha Tanzania, kila neno limepigwa pasi, nami nikacheka. "Wewe unaongeaka kama redio," nilikuambia. Hukukasirika. Ulisema ulizaliwa kambini, ukimbizini Tanzania, ukasomea kambini, na hicho Kirundi kidogo ulichokuwa nacho mama yako ndiye aliyekupa. Halafu macho yako yakaenda kwenye ordinateri yangu ya pili, ile kompyuta ya wateja kuchezea wakingoja karatasi zao. Kulikuwa na mchezo wa kuendesha magari, gari linapita katikati ya theluji.

"Bosi," ukauliza, "kwa nini hawa wanaendesha Ulaya wakati barabara ya Bujumbura iko hapa mlangoni?"

"Mchezo iko hivyo. Utaweza kubadilisha?"

Ukavuta kiti. Kile kiti ulikikalia karibu miaka miwili, kila ukitoka shule.

Ulinifundisha kwamba picha za mchezo, milio yake, miti, magurudumu na vibao vya barabarani, vyote vimeshindiliwa ndani ya faili moja kubwa, na faili hilo wewe uliliita gunia. Kulimwaga kulihitaji programu ndogo isiyo na urembo wowote, dirisha jeusi na maandishi meupe. Unaandika jina la gunia, unaandika limwagwe wapi, unangoja. Dosye zilizojaa mafaili zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine, nikashangaa kwamba nchi nzima ya watu ilikuwa imekunjwa mle ndani. "Kumwaga si kazi," ulisema. "Hata mbuzi anaweza kumwaga gunia. Kazi ni kurudisha."

Ukanipa masharti yako. Kabla ya kumwaga, weka nakala ya gunia la mwanzo. Andika orodha ya kila kitu kwa mpangilio wake, kwa sababu mchezo hautafuti kwa akili, unatafuta pale pale ulipozoea kukikuta. Na usitupe kitu eti kwa sababu hujui kazi yake.

Sharti la mwisho nililivunja wiki ile ile. Niliona faili lenye jina la herufi na namba tupu, nikasema hili takataka, nikafunga gunia bila hilo. Tulipowasha, gari likatoka vizuri, barabara nzuri, lakini upande wa kulia, pale tulipokuwa tumeweka ziwa, palikuwa peupe pee kama shuka la hospitali.

"Ziwa imeenda wapi?" nikauliza.

"Umeliacha nje, Bosi."

Ulisema kwa upole, kama unasahihisha daftari la mtoto. Kisha ukashindwa kujizuia, ukacheka mpaka ukashika meza. Tangu siku hiyo kila nilipopoteza kitu, kalamu, ufunguo, hata hasira zangu, uliniuliza kama nimekiacha nje pamoja na ziwa.

Tulikwenda kupiga picha kwa simu yako, mimi nyuma ya pikipiki nimebeba mwavuli usiokuwa na kazi. Gitaza tulipiga picha ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa, na ukuta wa barabara ulioliwa na maji. Magara yule mvuvi alitukamata. "Munapiga picha ya mtumbwi yangu, ni ya nini?" Ukamwambia ni ya mchezo. Akafikiri kidogo. "Basi muandike na jina yake vizuri, isiende kuitwa jina ingine." Tukaliandika. Mpaka leo mtumbwi wake upo, umeegeshwa pale pale, herufi zake nne za rangi ya bluu. Kila picha ulilazimika kuipunguza hadi ukubwa wa ile ya Kizungu iliyokuwa mahali pake, vinginevyo mchezo uligoma. Theluji tukaiondoa. Lile gari la kifahari tukaligeuza Probox, teksi ya barabara yetu, na watu wa sokoni wakaanza kuja kuangalia kwao kwenye kioo, wakitafuta maduka yao.

Pale Gitaza, ulipokuwa umechuchumaa unapiga picha ya samaki waliokauka huku mama mmoja anakugombeza ununue kwanza, ndipo nilipojua kwamba nakupenda. Sikukuambia. Nilinunua zile ndagala, nikakupa upeleke kwa mama yako.

Sasa nifike kwa mama yako.

Uliniambia kwamba kambini alikuwa akichukua kijiti na kuchora nyumba ya baba yake kwenye vumbi, ili ninyi wanawe muijue. Nyumba ya Kizuka, vigae juu, mti wa avoka mbele, na nyuma yake jiwe kubwa lililopasuka kati. Ukaamua kuijenga ndani ya mchezo. Ulichukua banda la ng'ombe la Ulaya, ukalivua mbao, ukalivika ukuta wa udongo na vigae. Mti wa tufaha ukaupa majani ya avoka. Mimi nilikusaidia kuchagua rangi ya vumbi la uani, nikipiga mluzi, sijui lolote.

Siku ulipomleta mama, alikaa kwenye kiti chako, mkoba juu ya magoti. Uliendesha Probox toka Gitaza polepole kama umebeba mayai. Ulipofika Kizuka ukaacha lami, ukakata kushoto, ukapanda kati ya michikichi, mpaka uani. Mama akaitazama muda mrefu.

"Mlango si huko," akasema. "Mlango ulitazama ziwa. Baba alikuwa anafungua asubuhi, anaona mitumbwi inarudi."

Ukamwaga gunia, ukageuza nyumba, ukafunga. Alirudi kesho yake, akasema avoka ilikuwa karibu zaidi. Ukamwaga tena. Siku ya tatu hakuona kosa. Aliuliza kama anaweza kuingia.

"Hapana, mama. Ni nje tu."

"Inatosha. Nje ndiko tulikokuwa tunakaa."

Wewe ulikuwa unamtazama yeye. Mimi nilikuwa natazama lile jiwe. Ulikuwa umelichora kama alivyokueleza, limepasuka kati, upande mmoja umeinama. Jiwe lile nimekaa juu yake utoto wangu wote, nikila chikichi, nikimngoja baba yangu amalize kukata mikungu. Liko katikati ya shamba letu.

Nilikuuliza kama unataka chai.

Wiki chache baadaye baba yangu alikuja dukani na bahasha, akataka fotokopi ya kila karatasi. Ya kwanza ilikuwa karatasi yake ya shamba, ile aliyopewa na serikali zamani, kabla sijazaliwa. Ya pili ilikuwa wito kutoka kwa bashingantahe, wale wazee wa kilima wanaosikiliza kesi za watu. Mdai alikuwa mama yako. Jina lake lilipita chini ya taa ya mashine, likatoka upande wa pili mara tatu, nami nikayapanga makaratasi na kuyabana. Baba hakujua kwamba namfahamu huyo mama. Wewe nawe hukujua kwamba mwenye shamba ni baba yangu, maana huku kwetu kila mtu ana jina lake, la baba halikai kwenye la mtoto. Mtu pekee aliyeyajua yote mawili alikuwa amesimama kati ya mashine mbili, akibana karatasi.

Halafu mama yako akapata wazo. Alisema kuna mzee aliyekuwa jirani yao, bado anaishi, lakini kumbukumbu zimemchakaa. Akiiona nyumba, labda atakumbuka. Akaomba bashingantahe waje naye dukani kwangu, waone. Wazee walikubali, nadhani kwa udadisi. Siku ikapangwa.

Nisikilize sasa, Mwalimu, maana hapa ndipo nilipokuwa napakimbia.

Siku moja kabla, saa sita mchana, watu walipokwenda kula, nilifunga mlango wa duka nikalimwaga gunia. Niliitoa nyumba. Nikautoa mti wa avoka, vumbi la uani, na ile njia ya kupandia. Mahali pake nikapanda michikichi, nikaifuata orodha yako mstari kwa mstari, nikafunga. Jiwe nililiacha, sijui kwa nini. Haikuwahi kutokea nikafunga gunia safi namna ile. Hata nyumba yenyewe sikuifuta, niliitia kwenye dosye nikaiandika "Mitihani ya zamani". Fikiria ujinga huo: katika duka lote mtu pekee ambaye angefungua dosye ya mitihani ni wewe.

Unataka kujua kwa nini. Niliogopa. Ordinateri ile ilinunuliwa kwa mafuta ya mawese ya michikichi ile ile, na ada zangu za shule pia, na bati lililo juu ya kichwa cha mama yangu. Na kulikuwa na sababu nyingine ya kipuuzi zaidi. Nilidhani kesi ikifa mapema, kimya kimya, hamtajua kamwe kwamba mliyemdai ni baba yangu, na wewe na mimi tutabaki. Nilikuwa nimeshaolewa nawe kichwani, Mwalimu, na mahari nimeshapanga nani atapokea.

Walikuja asubuhi. Bashingantahe wawili, yule mzee jirani na fimbo yake, na mama yako amevaa imvutano, vazi lake la sherehe. Ukaendesha. Gitaza, Magara, mtumbwi wa yule mvuvi, Kizuka. Ukataka kukata kushoto, njia haikuwepo. Ukasimama. Mama akasogeza uso kwenye kioo. Mzee naye akasogea.

"Miye naona michikichi tu," mzee akasema.

Mkaniangalia. "Faili ilikuwa kubwa sana," nikasema. "Mchezo ikakwama. Nikafunga upya bila ile nyumba."

Mchezo huo huo uliokuwa umetembea wiki kadhaa mbele ya macho yetu, na nyumba ikiwa ndani. Hata mwanafunzi wako mjinga kuliko wote angejua kwamba naongopa. Ulinitazama, si kwa muda mrefu. Kisha ukamgeukia mama.

"Ni mimi, mama. Nilifunga vibaya."

Ningependa unikaripie pale. Ningependa uvunje kioo. Badala yake ulilibeba kosa langu, nami nikakuachia ulibebe. Kisha likaja lililo baya zaidi. Mama yako alinyoosha kitambaa chake begani, akasema taratibu, "Labda mimi ndiye nachanganya. Miaka ni mingi. Labda hata mlango haukuwa upande ule." Na yule mzee, aliposikia mwenye nyumba mwenyewe ana shaka, akasema naye hawezi kuapa. Wazee hawakufanya kosa lolote, walihukumu walichokiona. Shamba likabaki kwa baba yangu lote. Mpaka leo sijui kama picha ya mchezo ingebadilisha neno. Ninachojua ni kwamba mama yule alitunza nyumba kichwani miaka yote ya kambi, nikamtoa nje yake mimi, kwa mchana mmoja.

Mwaka wa shule ulipoisha mkaamua kurudi Tanzania. Nilikusindikiza pale Probox zinapopakia za kwenda Mabanda, njia ya mpakani. Mama alikuwa ameshaketi mbele. Ulinipa mkono, ukasema, "Bosi, ulifunga vizuri. Sikuona mshono." Gari likaondoka. Nilirudi dukani nikapiga fotokopi za vyeti vya ubatizo mpaka saa ya kufunga.

Kiti chako kipo. Wateja hukikalia, nami huwaambia kimelegea mguu, wakakae kingine. Mguu hauna shida. Nimewahi kuandika namba yako na kuifuta mara nyingi kuliko nilivyowahi kufuta faili. Watu wanaponiuliza kwa nini sijaolewa huwajibu kwamba wanaume wa Rumonge hawajui kupanga dosye. Wanacheka, nami nacheka nao. Ukweli ni kwamba nakukosa, Mwalimu. Nakosa sauti yako ya redio. Nakosa hata kuulizwa nimeacha nini nje pamoja na ziwa.

Mwezi uliopita baba yangu alitaka kujenga kibanda kipya cha kukamulia mafuta. Vijana walichimba karibu na lile jiwe, wakagonga mawe. Si mawe ya kutawanyika, yalikuwa yamepangwa. Nilikuwa nimewapelekea chakula, nikasimama pale na sufuria mikononi. Waliyafuata mpaka kona, wakafuata tena, na katikati ya mstari mmoja wakafukua jiwe pana, limelika katikati kwa nyayo za watu. Kizingiti. Nilikivuka, nikasimama nikitazama mbele. Kati ya mashina ya michikichi lilikuwa ziwa, na mitumbwi.

"Papa, hapa ilikuwa nyumba?"

"Nilikuta nyumba, ndiyo. Vigae vilikuwa vimeanguka. Walinipa karatasi, sikuiba ya mutu." Baba akakung'uta udongo kwenye jembe. "Avoka ni miye niliikata. Ilikuwa mbele ya mulango, inafunika ziwa."

Nikamweleza yote palepale. Wewe, mama yako, kioo, saa sita mchana. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Na wewe hukuniulizaka hata siku moja," akasema. "Sasa watanichukulia shamba."

"Wanaweza kugawa, papa. Wengi wamegawa."

Hakukubali. Hakunikataza pia. Akaondoka na jembe lake. Kesho yake nikasikia amewaambia vijana wafukie mawe vizuri na wakachimbe kibanda mahali pengine.

Mimi ni binti, sina shamba la kumpa mtu, unajua mila yetu ilivyo. Nilicho nacho ni mdomo na mashine ya fotokopi. Barua hii nimeitoa nakala mbili. Moja nitaipeleka kwa bashingantahe Jumapili baada ya misa, na nitasimama niseme mbele yao niliyoyaandika hapa. Ya pili nitamsomea baba kabla hawajamwita, asije akasikia kwa watu. Kwa hiyo mambo ya mapenzi nayo watayasoma. Wayasome tu, yamekaa ndani muda wa kutosha.

Na gunia nimelifunga upya. Nilifungua "Mitihani ya zamani", nyumba ilikuwa mle, haina hata vumbi. Nikang'oa michikichi yangu ya uongo, nikarudisha njia, uani, avoka. Umeme ulikatika katikati, nikaanza tena. Kitu kimoja tu nimeongeza: picha ya kile kizingiti, niliyoipiga kabla hawajakifukia, nimeiweka chini ya mlango. Nilitazama ukubwa wake mara mbili. Nikawasha, nikaendesha toka Gitaza hadi uani, mchezo haukukwama.

Mkalishe mama mahali penye mwanga. Endesha wewe, polepole. Mpitishe Magara aone mtumbwi. Ukifika Kizuka kata kushoto, panda mpaka kwenye jiwe, kisha zungukia mbele. Usimweleze kitu. Mwache autazame mlango mwenyewe.

Na akikuuliza ni nani aliyefunga vibaya siku ile, safari hii mwambie kweli.

Mwanafunzi wako,
Bosi